Kuzuru Tsudunyi: Mahali Patakatifu pa Mlima Wetu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, mjini Moshi)



Barua niliyoletewa na Katibu ilisema nizungumze kwa dakika 30 juu ya jambo lolote lenye manufaa. Namfahamu Katibu wetu tangu Kidato cha Kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga kengele ya kulala, na sikumbuki usiku hata mmoja aliochelewa. Akisema dakika 30 ana maana 30. Kwa hiyo sitazunguka.

Nataka kuzungumza juu ya kuzuru mahali patakatifu mlimani. Nitaanza na mlima wa wenzetu wa Japani, nije kwenye mlima wetu huu, halafu niwaeleze safari tuliyoifanya mwezi Machi kwenda Tsudunyi, Old Moshi. Mwisho ninayo hoja ya kuweka mbele ya mkutano.

Mlima wa Wajapani

Wengi wenu mnajua kwamba kazi yangu ilikuwa maji ya mashamba. Katika miaka ya 1980 mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa kwa msaada wa serikali ya Japani, na mpunga ukastawi mahali palipokuwa nyika. Wataalamu wa Kijapani waliishi nasi hapa mjini, na baadhi yetu tukapelekwa kwao kujifunza. Mimi zamu yangu ilikuwa mwaka 1988.

Siku moja ya mapumziko mwenyeji wetu alituchukua hadi mji wa Fujinomiya, chini ya Mlima Fuji. Hapo pana hekalu kongwe liitwalo Fujisan Hongu Sengen Taisha. Jengo lake kuu lilijengwa mwaka 1604 kwa amri ya Tokugawa Ieyasu, mtawala mkuu wa Japani wa wakati ule. Mbele yake kuna lango la nguzo mbili na boriti juu yake, lango lisilo na mlango. Mwenyeji wetu, ambaye alikuwa mhandisi wa maji kama sisi na si kasisi, aliinama kidogo kabla ya kupita. Tukafika penye birika la maji na kata. Tukanawa mikono na kusukutua kinywa, ndipo tukaingia.

Kando ya hekalu kuna bwawa liitwalo Wakutama. Maji yake ni maangavu mno, unaona kila kokoto. Ni mvua na theluji ya Fuji iliyopenya katika mawe ya volkano, ikapita chini kwa chini, ikaibuka hapo. Zamani mahujaji walijitakasa kwa maji hayo kabla ya kuanza kupanda. Nasi, kwa kuwa ni watu wa maji, tuliuliza maswali ya ufundi: chemchemi zatoka wapi, hupungua kiangazi au hazipungui. Mwenyeji akajibu yote. Kisha naye akaniuliza swali lake: "Mlima wenu ni mrefu kuliko wetu. Ninyi mnausalimia wapi?"

Ni kweli mlima wetu ni mrefu zaidi. Fuji ina mita 3,776, na Kibo ina mita 5,895. Lakini alichouliza si urefu. Alitaka kujua lango letu liko wapi, na birika letu la kunawa liko wapi.

Ndugu Mwenyekiti, kuna jambo moja linalolipa swali hilo uzito. Hifadhi ya Kilimanjaro iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987. Fuji iliingizwa mwaka 2013, miaka 26 baada yetu. Lakini soma sababu zilizoandikwa. Kilimanjaro imeandikwa kama urithi wa asili, kwa uzuri na ukubwa wake. Fuji imeandikwa kama urithi wa utamaduni, mahali patakatifu na chemchemi ya sanaa. Maana yake ni kwamba dunia inajua kuwa Wajapani wana mlima unaoheshimiwa na watu. Kwetu dunia inajua kuwa kuna mlima mrefu wenye barafu. Watu wanaoishi chini yake hawamo katika sababu hizo.

Mlima wetu

Nilimjibu mwenyeji wangu, na nitawaeleza ninyi nilichomjibu, kwa ajili ya vijana na kwa ajili ya wenzetu waliokuja kusoma hapa kutoka Bukoba, Singida, Tanga na kwingineko.

Wachagga hawakujenga hekalu. Mahali pao patakatifu palikuwa nyumbani, kihambani, katikati ya migomba. Upande wa kihamba unaoelekea Kibo ulikuwa upande wa heshima. Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza hapa Moshi na kuandika kitabu juu ya mlima huu na watu wake mwaka 1924, alilieleza jambo hilo. Mwenye heshima alizikwa uso ukielekea Kibo. Mungu aliitwa Ruwa, na jina hilo ndilo jina la jua.

Kuna na mmea wa isale, ambao nyote mmeuona hata kama hamkuujua jina. Ni ule wenye majani marefu ya kijani unaopandwa mipakani. Mpaka wa isale haung'olewi ovyo. Mtu aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani la isale, yule aliyekosewa anabanwa kusamehe. Na ni huo huo uliopandwa penye makaburi.

Tena kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui, na bila kulijua hawataelewa yatakayofuata. Zamani, kabla ya desturi za leo, mzee aliyefariki alizikwa ndani ya nyumba yake. Baada ya muda mifupa yake ilifukuliwa, na fuvu likawekwa kihambani penye masale. Kwa hiyo fuvu halikuwa mfupa tu. Lilikuwa ndiye babu mwenyewe, amekaa nyumbani kwake na kuwaangalia watoto wake. Mtu aliyechukua fuvu aliuchukua ukoo mzima.

Basi hayo yote yalikuwa mahali patakatifu pa kila nyumba. Mahali pa mlima mzima, pa watu wa Kibosho na Siha na Moshi na Marangu kwa pamoja, hapakuwapo, kwa sababu mlima haukuwa na mfalme mmoja. Kila Mangi alikuwa na nchi yake, na mara nyingi walipigana. Mahali pa wote palipatikana kwa msiba, tarehe 2 Machi 1900, huko Tsudunyi.

Yaliyotokea

Nitayaeleza kwa kifupi. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alifariki mwaka 1891. Mwanawe Meli akashika nchi akiwa bado kijana. Tarehe 10 Juni 1892 jeshi la Wajerumani chini ya von Bülow lilimshambulia, na likashindwa. Von Bülow mwenyewe alipoteza maisha. Habari hiyo ilifika Berlin na kuwaudhi wakubwa. Agosti 1893 Kanali von Schele akaja na jeshi kubwa zaidi na mizinga, na Moshi ikaanguka. Boma la Wajerumani likahamishiwa nchini mwa Meli, juu huko Old Moshi. Mji huu tulimokaa leo ulikuja baadaye, reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 na utawala ukashuka kuifuata.

Mwanzoni mwa 1900 Meli na wenzake walishtakiwa kwamba wanapanga njama ya kuasi. Tarehe 2 Machi wakanyongwa watu 19, Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha, na wengine pamoja na viongozi kutoka Meru na Arusha. Wazee husimulia kwamba Meli alikaa kitanzini saa saba akiwa bado hai. Kisha kichwa chake kikachukuliwa.

Sasa nifike penye sehemu chungu. Wajerumani walikuwa wachache. Hawakuweza kujua kila lililosemwa katika kila kihamba. Kathleen Stahl, katika historia yake ya Wachagga iliyotoka mwaka 1964, ameeleza kwa urefu jinsi Marealle wa Marangu alivyojua kuyatumia masikio ya Wajerumani dhidi ya Mamangi wenzake. Wako wanaopinga baadhi ya maelezo hayo. Mimi si hakimu wa watu wa 1900. Lakini kila mtoto wa mlima huu amesikia habari hizo nyumbani, na zilitufuata mpaka bwenini. Wazee wenzangu mnakumbuka. Siku ya mpira, bweni likigawanyika, neno la kwanza kutupwa lilikuwa lile la babu zetu.

Safari yetu

Mwezi Machi uliopita tulikwenda watu 11, wote wa shule hii, mdogo kuliko wote akiwa na miaka 58. Tulikutana Kiboriloni saa moja asubuhi. Wenye magoti mabovu walipanda gari. Sita tulikwenda kwa miguu, pole pole, tukisimama kila kona na kusingizia kuwa tunatazama mandhari.

Njia hiyo ya kupanda ni somo lenyewe. Unaacha joto na vumbi la barabara kuu, na unaingia katika migomba na kahawa. Mfongo unapita kando ya njia, maji yanateremka kimya kimya kama yalivyoteremka enzi za Rindi. Mimi niliyepelekwa ng'ambo kujifunza kupeleka maji shambani hupenda kusimama penye mfongo wa zamani. Waliouchimba hawakuwa na kipimo cha mhandisi, na mteremko wake ni sahihi. Huko huko Old Moshi ndiko iliko Kidia, kituo cha wamisionari wa Leipzig kilichofunguliwa mwaka 1896, alikofanya kazi Bruno Gutmann mpaka 1938, akiandika mila na sheria za Wachagga kwa wingi kuliko mgeni yeyote wa wakati wake.

Kibo ilikuwa wazi asubuhi ile. Kabla ya kufika, mmoja wetu, ambaye ni mstaafu wa benki na si mtu wa maneno mengi, alisema, "Tunawe mikono." Tukanawa mfongoni. Hakuna aliyecheka.

Mti wenyewe uko penye mteremko. Chini yake imewekwa sanamu ya Meli. Unaposimama hapo unaona tambarare yote ya chini, mpaka macho yachoke. Mzee mmoja wa pale alitupokea. Tulimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia, kisha akatuambia kila mtu aseme jina lake na anakotoka. Hakutuuliza dini wala kazi. Tukaanza. Mmoja alitoka Kibosho, mmoja Siha, wawili Machame, mmoja Tanga, mmoja Muleba. Mzee alikuwa akitikisa kichwa kwa kila mmoja.

Zamu ikamfikia mwenzetu ambaye sitamtaja, ingawa yupo humu ukumbini. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, kando. Tangu asubuhi alikuwa amebeba kitu kimezungushiwa gazeti, tukadhani ni chakula. Akasema jina lake. Kisha akanyamaza. Kisha akasema, "Mzee, mimi natoka Marangu." Akafungua gazeti. Ndani yake kulikuwa na jani la isale alilolikata alfajiri kihambani kwake.

Pakawa kimya. Mzee akamtazama kwa muda, akamwambia, "Marangu nako ni mlima huu huu, mwanangu. Njoo mbele. Weka jani lako hapa." Akaliweka penye mti. Yule wa Kibosho, ambaye watu wa nchi yake walimpoteza Molelia siku ile ya 1900, akaenda akasimama karibu naye. Walisoma darasa moja hawa wawili, na walikaa dawati moja miaka minne.

Halafu tukaomba. Mwenzetu wa Tanga alisoma dua. Mlutheri mmoja akaomba kwa maneno machache. Mzee akasema maneno yake kwa Kichagga akielekea Kibo. Kila mmoja alimwacha mwenzake amalize.

Nimesikia watu wakisema kwamba kwenda mahali kama pale ni kurudia ushirikina. Nawaheshimu, lakini niliyoyaona ni haya niliyowaeleza. Hatukuuabudu mti. Tulikwenda kuwaona watu wetu walipofia, kama mtu anavyokwenda kaburini kwa mama yake, na hakuna padri wala shehe anayemkataza mtu hilo.

Kaburi lisilo na mwenyewe

Tulipomaliza tukakaa kwenye nyasi. Mmoja wetu akauliza, "Mzee, na Meli mwenyewe yuko wapi?" Akajibu, "Hapa ndipo alipofia. Alipolala bado tunatafuta."

Jibu hilo, ndugu zangu, ndilo lililonileta mbele yenu leo. Katika miaka ile ya ukoloni mafuvu ya watu wetu yalisafirishwa Ujerumani kwa maelfu ya kilometa ili yapimwe na wataalamu. Mkusanyaji mkubwa alikuwa Felix von Luschan wa Berlin. Mjukuu wa Meli, Mzee Isaria Meli, aliomba kwa miaka zaidi ya 50 kwamba fuvu la babu yake litafutwe. Mwaka 2017 wakubwa wa makumbusho ya Berlin walianza kuchunguza mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki. Walichunguza mafuvu 1,135. Katika hayo, 904 yalionekana kutoka Rwanda ya leo, mengine Tanzania na Kenya, na 7 hayakujulikana. Vizazi vya watu walionyongwa walitoa mate yao ili yapimwe nasaba.

Majibu yalitangazwa Septemba 2023. Fuvu moja, lililokuwa limeandikwa neno "Akida", lililingana kabisa na mtu wa ukoo aliye hai hapa kwetu. Alikuwa mshauri wa Meli. Mengine mawili yalikaribia sana kulingana na vizazi vilivyo hai. Meli hakuwamo. Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji.

Jambo hili linawezekana. Fuvu la Mkwawa lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudi mwaka 1954, na leo liko Kalenga, Iringa, mahali penye nyumba yake na watunzaji wake. Ilichukua miaka 35 tangu liandikwe katika mkataba. Lakini lilipofika lilikuta watu wanaojua ni nani aliyerudi, na wanajua la kufanya.

Si vichwa tu vilivyochukuliwa. Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alivunja jiwe la kileleni akarudi nalo kwao. Kipande alimpa Kaisari, kikapachikwa ukutani katika jumba la kifalme la Neues Palais, Potsdam. Kilele chenyewe akakiita kwa jina la Kaisari huyo. Sisi tulilifuta jina hilo, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda alipandisha bendera yetu na mwenge huko juu. Jina la kilele tuliweza kulibadilisha wenyewe. Vilivyochukuliwa navyo sharti virudi, na virudipo vikute mwenyeji.

Tufanye nini

Nalirudia swali la yule mhandisi wa Fujinomiya, kwa sababu sasa naweza kulijibu vizuri zaidi. Tunausalimia mlima wetu kihambani kwa kila mmoja. Na kwa wote pamoja, mahali petu ni Tsudunyi. Lakini pale Fuji nilijifunza kwamba mahali hapawi patakatifu kwa kuandikwa kitabuni tu. Watu waliendelea kwenda, kizazi baada ya kizazi, wakanawa, wakainama, wakawafundisha watoto wao. Wangeacha kwenda kwa miaka 60, lile lango lingekuwa mbao mbili zilizosimama.

Kila mwaka maelfu ya wageni hupita Moshi kwenda kupanda Kibo. Hupita lango la Marangu au la Machame na kurudi wakiwa na vyeti. Sina ugomvi nao, wanaleta riziki kwa vijana wetu wapagazi na waongozaji. Lakini hatuwezi kuwalaumu wageni kwa kupita bila kusalimia, ikiwa wenyeji hatujaonyesha mahali pa kusalimia.

Kuna na jambo la haraka. Wazee wanaojua nani alinyongwa, ukoo upi, na maneno gani hutamkwa wapi, wanapungua kila masika. Mafuvu yakirudi baada ya miaka mitano au kumi, nani atapokea? Nani atajua upande wa kuyaelekeza?

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naweka mambo matatu mbele ya mkutano.

Kwanza, kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe 2 Machi, Chama chetu kipande Tsudunyi. Anayeweza aende kwa miguu, asiyeweza aende kwa gari. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu waende nasi, na mwalimu wao wa Historia.

Pili, wanafunzi hao wapewe madaftari, wakae na wazee wa Old Moshi, Kibosho, Siha na Marangu, waandike. Waandike kwa Kiswahili, na maneno ya tambiko kwa Kichagga kama yalivyo. Nakala moja ikae maktaba ya shule hii, nakala nyingine ikae kwa wazee wenyewe. Mimi nitatoa madaftari ya mwaka wa kwanza.

Tatu, kwa ruhusa ya ukoo na ya serikali ya kijiji, tusaidie kupanda masale na miti ya asili kulizunguka eneo lile, na kutengeneza mahali pa kunawia mikono pa kuvutwa kutoka mfongoni. Nasisitiza ruhusa. Mahali pale si mali ya Chama chetu. Sisi ni wageni pale kama wengine. Kazi ya kuleta maji naweza kuisimamia mwenyewe, ndiyo niliyosomea.

Najua mtu atasimama aseme kwamba haya ni mambo ya Wachagga, na shule hii ni ya taifa zima. Nimemwachia jibu hilo mwenzetu wa Muleba, aliyekwenda nasi. Tulipokuwa tukiteremka nilimwuliza kama hakujiona mgeni. Akasema, "Nililala bweni moja na mjukuu wa Siha na mjukuu wa Marangu. Wakigombana nilikosa usingizi mimi. Leo nimewaona wakisimama pamoja. Hilo nalo si langu?" Nadhani ametosha. Na waliokufa pale hawakuwa wa nchi moja. Moshi, Kibosho, Siha, Meru na Arusha walikufa siku ile ile, kabla ya mtu yeyote kufikiria neno Tanzania.

Dakika zangu zimekwisha, na namwona Katibu ameanza kutazama saa yake kama zamani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.